Uvimbe katika bandama: Si lazima kiungo chote kitolewe

Wengi wanaoambiwa kwamba wana uvimbe katika bandama huwa hawakwenda hospitalini kwa sababu ya bandama. Mtu huenda kwa sababu ya kiungulia, mawe ya figo au uja uzito. Daktari huagiza tumbo lipigwe picha kwa mashine ya skani, na mtaalamu anayesoma picha hizo akaona upande wa kushoto kitu ambacho hakuna aliyekuwa akikitafuta. Mgonjwa hurejea nyumbani na bahasha kubwa mkononi na maneno mawili ya kumkosesha usingizi: uvimbe, na upasuaji.

Habari njema ni kwamba uvimbe mwingi unaogunduliwa kwa njia hii, kwa mtu asiye na maradhi mengine, si saratani. Mwingine hauhitaji kisu kamwe. Na hata pale ambapo kisu kinahitajika, kuna swali moja ambalo wagonjwa wengi hawaulizi kwa kuwa hawajui kwamba lina majibu zaidi ya moja: je, ni lazima bandama yote itolewe?

Ili kuelewa uzito wa swali hili, ni vyema kwanza tujue kiungo chenyewe. Bandama, ambayo wengine huiita wengu, imejificha upande wa kushoto wa mwili chini ya mbavu, kati ya tumbo la chakula na figo. Kwa mtu mzima mwenye afya huwa na ukubwa wa ngumi na uzito wa kati ya gramu 150 na 200. Ukijipapasa huwezi kuigusa. Kazi yake ni kama ya chujio. Damu inapopita humo, chembe nyekundu zilizozeeka huondolewa, na bakteria waliojipenyeza hunaswa na kuangamizwa. Humo pia ndimo mwili unamotengeneza sehemu ya kinga yake.

Kuna bakteria fulani waliojivika utando unaoteleza, ambao kinga ya kawaida ya mwili hupata shida kuwakamata. Miongoni mwao ni wale wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Hao ndio bandama huwakamata vizuri kuliko kiungo kingine chochote.

Hapo zamani madaktari hawakuyajua haya. Kwa kuwa mtu aliweza kuishi bila bandama, walidhani ni kiungo cha ziada tu. Mwaka wa 1867 daktari mmoja wa Paris, Jules Péan, alimtoa bandama msichana wa miaka 20 aliyekuwa na uvimbe mkubwa wa maji, na msichana huyo akapona. Kuanzia hapo, kwa karibu karne nzima, dawa ya bandama iliyoharibika ilikuwa ni kuitoa.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1952. Madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, waliandika kuhusu watoto wachanga waliotolewa bandama ambao baadaye walishikwa na maambukizo makali ya damu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hatari hiyo haiwahusu watoto wachanga peke yao. Mtu mzima aliyetolewa bandama anaweza kuamka asubuhi na homa na kutetemeka kama mwenye mafua, na kufikia usiku akawa mahututi. Jambo hili halitokei mara nyingi, lakini likitokea, hata nusu ya wanaopatwa hufa. Hatari ni kubwa zaidi katika miaka miwili au mitatu ya kwanza baada ya upasuaji, na haiishi kabisa maishani.

Ndiyo sababu madaktari wa upasuaji wa siku hizi hufikiri mara mbili kabla ya kuitupa bandama kwa ajili ya uvimbe usio wa saratani.

Ni uvimbe wa aina gani?

Kabla ya kwenda mbali, kuna kosa moja linalofaa kuondolewa, hasa hapa kwetu. Bandama iliyovimba yote si sawa na bandama iliyo na uvimbe ndani yake. Malaria ya mara kwa mara huweza kuifanya bandama nzima ikue hadi ikafika kitovuni. Vivyo hivyo kala-azari inayopatikana Baringo, Turkana na Pokot Magharibi, kichocho cha matumbo, na kwa watoto wadogo ugonjwa wa selimundu. Huko dawa ni kutibu ugonjwa wenyewe. Mtu ambaye bandama yake imekuwa kubwa kwa sababu ya malaria hupewa dawa za kuzuia malaria kwa muda mrefu, na polepole bandama hunywea. Kumpasua mtu huyo kwa haraka ni kumwondolea ngao yake katika nchi yenye mbu.

Na kwa kuwa tumegusia hilo: zipo jamii ambamo mtu mwenye bandama kubwa huchanjwa kwa wembe juu ya ngozi ya upande wa kushoto, au hukandwa kwa nguvu. Chale hizo haziponyi kitu. Kukanda ni hatari zaidi, kwani bandama iliyovimba hupasuka upesi na damu ikamwagika tumboni.

Sasa tuje kwenye uvimbe wenyewe. Ule ambao hutokea zaidi miongoni mwa uvimbe usio wa saratani ni fundo la mishipa ya damu, ambalo madaktari huliita hemanjioma. Mara nyingi huwa dogo, chini ya sentimita mbili, na mtu huweza kuzeeka nalo bila kujua. Likiwa kubwa sana huweza kupasuka, au kumeza chembe zinazosaidia damu kuganda, hata mtu akaanza kutokwa na damu ovyo. Aina nyingine ni hamatoma, ambayo ni tishu ya bandama yenyewe iliyokua bila mpangilio, na limfanjioma, ambayo ni vifuko vingi vyenye maji yanayofanana na yale ya malengelenge.

Kisha kuna vifuko vya maji. Vingine mtu huzaliwa navyo. Vingine hutokea miezi au miaka baada ya kuumia: mtu aligongwa ubavuni katika ajali ya matatu au uwanjani, damu ikavilia ndani ya bandama, mwili ukaizungushia ukuta, na baadaye ikageuka kuwa maji. Mgonjwa mwenyewe huwa amekwisha kuisahau ajali hiyo mpaka daktari amuulize.

Aina ya mwisho inatuhusu sana sisi Wakenya. Ni uvimbe wa maji unaoletwa na tegu mdogo sana anayeishi katika matumbo ya mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakaingia kinywani mwa mtu kupitia mikono, maji au chakula, na mwilini yakaota vifuko vinavyokua polepole kwa miaka mingi. Turkana imekuwa miongoni mwa sehemu zilizoathiriwa zaidi duniani, na shirika la AMREF lilianzisha kampeni ya kupambana na ugonjwa huo huko katika miaka ya 1980. Vifuko hivi hupenda ini na mapafu, lakini huweza kuingia katika bandama pia. Kwa kuwa hukua polepole, mtu aliyelelewa Lodwar au Lokichoggio anaweza kuwa na miaka 20 Nairobi kabla ya kuona dalili. Kwa hiyo daktari akikuuliza ulikulia wapi na kama mlifuga mbwa, hapotezi wakati wako.

Kungoja nako ni matibabu

Uvimbe mdogo usiosababisha maumivu, ambao kwenye picha una sura ya kawaida ya fundo la mishipa au kifuko cha maji safi, kwa kawaida huachwa. Mgonjwa hurudi kupigwa picha baada ya miezi kadhaa, kisha baada ya mwaka, ili ionekane kama unakua. Wako wanaodhani daktari anayesema "tungoje" hajui kazi yake au hana vifaa. La hasha. Kungoja kwa namna hii kuna ratiba, na kadi za picha za zamani zinapaswa kutunzwa, kwani ni kwa kulinganisha ya jana na ya leo ndipo daktari hujua uvimbe unaelekea wapi.

Zamani ilishikiliwa kwamba kifuko chochote kinachozidi sentimita tano sharti kipasuliwe. Siku hizi wengi hawaishiki kanuni hiyo kwa ukali. Wanatazama zaidi mgonjwa mwenyewe. Je, ana maumivu ya ubavu wa kushoto au ya bega la kushoto? Je, anashiba baada ya vijiko vichache kwa sababu uvimbe unalikandamiza tumbo la chakula? Je, uvimbe unakua? Je, chembe za damu zinapungua? Na je, picha zinaacha shaka kwamba huenda ni saratani? Jibu la ndiyo kwa mojawapo ya maswali haya ndilo hufungua mlango wa chumba cha upasuaji.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini daktari asichome sindano na kutoa kipande kidogo cha kupimwa, kama inavyofanywa kwenye titi au ini. Bandama imejaa damu kama sifongo iliyolowa maji, na kuidunga kuna hatari ya kuvuja damu. Hospitali zenye ujuzi hufanya hivyo pale inapobidi, lakini mara nyingi picha za CT au MRI hutangulia. Ikiwa uvimbe unashukiwa kuwa wa yule tegu wa mbwa, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu maji yake yakimwagika tumboni yanaweza kuufanya mwili ushtuke vibaya hata mtu akafa, na pia kupanda vifuko vipya mahali pengine. Damu hupimwa kwanza.

Njia za upasuaji

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ni kuchoma sindano na kufyonza maji ya kifuko. Kwa vifuko vya kawaida humpa mgonjwa nafuu, lakini ukuta wa kifuko ukiwa bado upo, maji hujaa tena. Ni njia ya kusaidia kwa muda, labda kwa mama mjamzito au mgonjwa asiyeweza kustahimili upasuaji. Anayeahidiwa kupona kabisa kwa sindano moja aulize zaidi.

Hatua inayofuata ni kukata paa la kifuko, yaani ile sehemu ya ukuta iliyojitokeza nje ya bandama, ili maji yamwagikie tumboni na kufyonzwa na mwili. Bandama yenyewe haiguswi sana. Upasuaji ni mfupi na damu inayopotea ni kidogo. Ubaya wake ni kwamba paa likikatwa kidogo tu, kingo hushikana na kifuko hurudi. Kwa hivyo daktari hukata sehemu kubwa kadiri awezavyo. Kwa uvimbe wa nyama, kama hemanjioma au hamatoma, njia hii haifai.

Njia ambayo kwa maoni yangu haizungumzwi vya kutosha ni ile ya kukata sehemu tu ya bandama. Inawezekana kwa sababu ya namna kiungo hiki kilivyoumbwa. Mshipa mkubwa unaoleta damu hugawanyika katika matawi kabla ya kuingia, na kila tawi hulisha kipande chake, karibu kama mabomba ya maji yanayokwenda kwenye vyumba mbalimbali vya jengo moja. Daktari akilifunga tawi linalolisha kipande chenye uvimbe, kipande hicho hubadilika rangi kikawa cheusi-cheusi huku kilichobaki kikiendelea kuwa chekundu. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ndio mstari wa kukata. Daktari Marcel Campos Christo wa Brazil aliandika kuhusu upasuaji wa aina hii mwaka wa 1962, akiutumia ufahamu huo wa matawi ya mishipa.

Ni kiasi gani kinachotosha kubaki? Madaktari wengi hulenga kuacha angalau robo ya bandama yenye mshipa wake wa damu ukiwa mzima, kwa kuwa kiasi hicho huweza kuendelea na kazi ya kuchuja. Njia hii hufaa zaidi uvimbe ukiwa kwenye ncha ya juu au ya chini. Ukiwa katikati, pale mishipa inapoingilia, au ukiwa umeenea kote, hakuna kipande cha kuokoa. Aidha, ni kazi ya fundi. Bandama hukatika kama ini bichi, na damu isipozuilika daktari hana budi kutoa yote. Mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo mapema na kutia sahihi akijua.

Kutoa bandama yote bado kuna mahali pake. Hutolewa uvimbe ukiwa mkubwa mno, ukiwa umepasuka, ukiwa mwingi, au kukiwa na shaka ya saratani, ambapo kukata katikati kunaweza kuacha mabaki. Vifuko vikubwa vya tegu pia mara nyingi huondolewa pamoja na bandama nzima, baada ya mgonjwa kutumia dawa ya albendazoli, na daktari huzungushia eneo hilo vitambaa vilivyoloweshwa katika maji makali ya chumvi ili kumwagika kokote kusilete maafa.

Kuhusu namna ya kuingia tumboni, zamani palikuwa na njia moja tu: mkato mrefu katikati ya tumbo au chini ya mbavu. Mwaka wa 1991 madaktari wa Paris walitoa bandama kwa kupitia matundu madogo, wakitazama kwa kamera iliyoingizwa tumboni. Leo, mahali penye vifaa na wataalamu, ndiyo njia inayopendelewa kwa bandama isiyokuwa kubwa kupita kiasi, iwe inakatwa kipande au inatolewa yote. Kiungo huingizwa katika mfuko wa plastiki mle mle ndani, kikasagwa na kutolewa vipande vipande. Kama kuna shaka ya saratani hakisagwi, bali mkato hupanuliwa kitoke kizima. Maumivu huwa machache na mgonjwa huenda nyumbani baada ya siku chache. Hata hivyo, daktari akianza kwa matundu na kulazimika kufungua tumbo kwa sababu ya damu, asilaumiwe. Hapo anaokoa maisha.

Wakati mwingine, kabla ya upasuaji, mtaalamu wa picha hupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye mshipa wa kinena hadi kwenye mshipa wa bandama na kuuziba, ili damu itakayomwagika ipungue. Kazi hiyo hufanywa katika hospitali chache kubwa tu.

Hatari za upasuaji wenyewe ni za kueleweka. Kuvuja damu ni ya kwanza. Mkia wa kongosho umelala karibu na bandama na unaweza kujeruhiwa. Pafu la kushoto huweza kupata nimonia, na ndiyo maana mgonjwa huhimizwa kupumua kwa nguvu na kutembea mapema ingawa anaumwa. Baada ya bandama yote kutolewa, chembe za kugandisha damu huongezeka, na damu huweza kuganda katika mishipa ya tumbo. Maumivu makali ya tumbo katika wiki za kwanza si ya kumezewa tembe na kulala.

Kabla ya kisu, chanjo

Mgonjwa yeyote anayetarajiwa kutolewa bandama, hata kama mpango ni kukata sehemu tu, anapaswa kuchanjwa angalau wiki mbili kabla ya siku ya upasuaji. Chanjo zenyewe ni za bakteria wa nimonia, wa homa ya uti wa mgongo, na yule aitwaye Hib. Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya Hib mwaka wa 2001 na ya nimonia mwaka wa 2011, kwa hivyo watu wazima wengi hawakuzipata utotoni. Aliyepasuliwa kwa dharura huchanjwa baadaye, kwa kawaida kuanzia wiki mbili baada ya upasuaji, na chanjo nyingine hurudiwa baada ya miaka kadhaa. Chanjo ya mafua ni ya kila mwaka. Kwa mtoto, ikiwezekana, upasuaji wa kutoa bandama yote huahirishwa hadi apite umri wa miaka mitano.

Haya ndiyo mambo ambayo mara nyingi husahauliwa katika pilikapilika za kutafuta pesa, kitanda na damu ya kuongezewa. Ikiwa umepewa tarehe ya upasuaji na hakuna aliyetaja chanjo, uliza. Uliza pia kama kuna uwezekano wa kuacha kipande cha bandama, na kama daktari huyo amewahi kufanya hivyo au kuna mwenzake katika hospitali ya rufaa, kama ile ya Kenyatta jijini Nairobi au ya Moi mjini Eldoret, anayeweza kutoa maoni ya pili. Uvimbe usio wa saratani na usiovuja damu humpa mgonjwa nafasi ya kusafiri na kuuliza.

Baada ya bandama yote kutoka, homa si jambo la kungojea kesho. Wagonjwa wengi, hasa watoto, hupewa penisilini ya kunywa kila siku kwa miaka ya kwanza, na wengine huwekewa nyumbani dawa za kuua bakteria za kuanza kumeza pindi joto linapopanda, huku wakielekea hospitalini. Vinginevyo mtu hudhani ni malaria, akanunua dawa dukani na kulala nayo. Malaria yenyewe humshika vikali mtu asiye na bandama, kwa hivyo chandarua ni cha kila usiku, na anayesafiri kutoka Nairobi kwenda Kisumu, Busia au Pwani amwone daktari kwanza apewe dawa za kinga. Kuumwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, kunahitaji dawa za kuua bakteria siku hiyo hiyo, licha ya ile chanjo ya kichaa cha mbwa. Na ndani ya pochi, pamoja na kitambulisho, iwepo kadi inayosema kwamba mwenye kadi hii hana bandama, pamoja na tarehe za chanjo zake.

Ripoti ya maabara nayo isisahauliwe. Kiungo au kipande kilichotolewa hupelekwa kuchunguzwa kwa darubini, na majibu huja baada ya siku kadhaa, wakati ambapo mgonjwa huenda amekwisha kwenda nyumbani. Ni juu yake kurudi kuyachukua, kwani kwa baadhi ya uvimbe huo ndio uthibitisho wa mwisho kwamba haukuwa saratani.